Nywila Yangu na Mali ya Mtaa

Nalipia intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde katika nyumba yangu ya Nkuhungu, hapa Dodoma, lakini wengi wanaoifaidi hawalali humo. Nje ya ukuta wangu pana mwarobaini, na chini yake pana kijiwe cha bodaboda ambacho hakikuwapo kabla sijafunga waifai. Pikipiki zimeegeshwa tairi za mbele zikigusa ukuta, na kijana mmoja amelalia tangi la mafuta huku simu ameinyanyua usawa wa dirisha langu la sebuleni, kwa kuwa wamekwisha kufanya utafiti wakabaini kwamba mawimbi yanatokea hapo. Nikipita wananipa shikamoo kwa adabu zote, nami naitikia marahaba, kisha mwenye ujasiri anauliza: "Mzee, leo mbona mtandao unasuasua?"

Usisuesue kwa nini? Hizo 20 zenyewe ni biti, ilhali ukubwa wa faili huhesabiwa kwa baiti, na baiti moja ina biti nane. Kwa hiyo hata nikijaliwa kubaki peke yangu napata megabaiti mbili na nusu tu kwa sekunde, na filamu ya megabaiti 1,500 inapaswa kunichukua dakika kumi. Lakini sibaki peke yangu. Vifaa vya waifai vilivyo kwenye chaneli moja havizungumzi kwa pamoja: kimoja kikisema, vingine vinangoja. Tena kile kilicho mbali, chenye mawimbi hafifu, hulazimika kupunguza kasi ili kisikike, hivyo ujumbe uleule unaikalia hewa kwa muda mrefu zaidi, kama kikao cha harusi ambamo mjomba anayevuta maneno ndiye aliyeshika kipaza sauti. Simu yenye kioo kilichopasuka ikipakua singeli kule mwarobaini, kompyuta yangu inanyamaza kungoja zamu.

Fundi naye aliiweka ruta dirishani, halafu mama watoto akaifunika kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi. Chumba changu kiko nyuma, kuta tatu za bloku kutoka hapo. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi nzuri lakini yanachoka mapema yakikutana na kuta, ya 2.4 yanapenya vizuri zaidi, ila yana kasi ndogo na yamejaa ruta za majirani. Barabara inahudumiwa vizuri kuliko mwenye mali.

Shemeji yangu, ambaye kwa sababu anauza simu amekuwa mtaalamu wa ukoo mzima, alinishauri nirudishe ulinzi wa zamani wa WEP, akidai kwamba usimbaji mzito, yaani kuyafumba mawasiliano yasisomwe na mpita njia, "unakula spidi". WEP! Ulinzi uliokuja mwaka 1997, na ambao kufikia 2001 wataalamu walikwisha kuonyesha kwamba ufunguo wake unapatikana kwa kusikiliza tu mawasiliano yanayopita. WPA ililetwa 2003 kuziba pengo, WPA2 ikafuata 2004, na WPA3 ikaja 2018. Isitoshe, ukweli ni kinyume cha maneno yake, kwa maana ruta ya kizazi cha waifai kiitwacho 802.11n ikiwekewa WEP, au TKIP, ule usimbaji wa WPA ya kwanza, hushuka hadi megabiti 54 kwa sekunde, ilhali kwa AES, usimbaji wa WPA2, inaweza kufika mamia. Shemeji alijibu kwamba hayo ni ya vitabuni.

Hata hivyo, kinachoninyima usingizi si kasi. Laini iliyomo ndani ya ruta imesajiliwa kwa alama za vidole vyangu na namba yangu ya NIDA. Siku mmoja wa kijiweni atakapomtukana mtu mtandaoni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haitaanza kuutafuta mwarobaini.

Basi nikaamua. Kwanza nilizima WPS, njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila, ule mlango wa nyuma ambao PIN yake ya tarakimu nane iligunduliwa mwaka 2011 kuwa inakisiwa kwa majaribio yasiyozidi 11,000. Kisha nikatunga nywila mpya. WPA2 inaruhusu kuanzia herufi 8 hadi 63, nami sikufanya ubahili. Mama watoto akahoji: "Sasa Baba Upendo, wageni wakija nitawaambiaje?" Nikamweleza kwa utulivu kwamba nimefungua mtandao wa wageni, wenye nywila yake fupi na kikomo chake cha kasi, na kwamba hii ndefu ni siri ya nyumba. Akaitikia vizuri sana, jambo ambalo lingepaswa kunitia shaka.

Jioni niliporudi kutoka kazini Mtumba niliikuta siri ya nyumba imebandikwa kwenye nguzo ya baraza, jirani na kibao cha anwani ya makazi, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Kwa haki namsifu: hakuruka herufi hata moja, na ile S kubwa ameipigia mstari chini, mtu asije akaichanganya.