Tagi za Shangazi

Picha zote za ukoo wetu ziko kwangu. Hakuna kikao kilichonichagua. Nina kastudio ka picha hapa Ngamiani, Tanga, basi kila aliyebadilisha simu, aliyeokota albamu ya bibi yake chini ya kitanda, au aliyechoka na CD za harusi zilizojaa michubuko, alikuja kunibwagia mimi. "Weye ndo mwenye kompyuta." Maneno hayo tu, kisha mtu anaondoka zake.

Zikafika zaidi ya elfu thelathini. Folda zilikuwa na majina haya: Mpya, Mpya 2, Mpya Kabisa, USIFUTE, USIFUTE nakala, Za Mama, na Za Mama Mwingine. Hiyo ya mwisho sijui aliiandika nani, na kwa usalama wa baba yangu sikuuliza.

Vurugu yenyewe ilikuwa na sababu zake. Kamera yangu ya zamani ilikuwa imekufa betri ile ndogo ya saa, hivyo kila ukitoa betri kubwa kuichaji, inarudi tarehe 1 Januari 2000. Kwa mujibu wa kompyuta, dada yangu aliolewa akiwa darasa la pili. Kuna na hili: kamera nyingi zinahesabu picha mpaka 9999, zikifika hapo zinaanza upya 0001. Siku niliyojaribu kuzimimina zote folda moja, kompyuta ikasimama ikaniuliza: kuna faili mbili zenye jina moja, nibakishe ipi? Nikazifungua. Moja ni babu amekaa barazani na bakora yake. Nyingine ni mbuzi wa Idd. Mashine inanitaka nichague kati ya babu na mbuzi, na kitufe cha kukubali kinawaka buluu.

Nikaamua kuzipanga kisawasawa. Folda zikaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, halafu tukio: 2014-12-27 Harusi Chumbageni. Ukianza na siku umekwisha, kwa maana utajikuta na tarehe mosi za miaka yote zimekaa mkeka mmoja na Krismasi hujui ya lini. Kazi hiyo niliimaliza vizuri, nikajipongeza kwa chai ya maziwa.

Lakini folda ina ukomo wake. Picha moja inakaa folda moja. Sasa ile ya Shangazi amesimama mlangoni mwa mapango ya Amboni, na Ami pembeni anakula embe, na nyuma yao wageni wa harusi kutoka Muheza, hiyo unaiweka wapi? Kwa Shangazi, kwa Ami, au kwa wageni? Hapo ndipo zinapohitajika tagi, yale maneno ya kutafutia unayoibandika picha ili kesho ukiandika "Amboni" zije zote, popote zilipolala. Tagi inataka mtu anayewajua watu. Na anayewajua watu wote wa ukoo huu, walio hai na waliotangulia, waliooana na waliotaka kuoana wakakatazwa, ni mmoja tu.

Shangazi akaja asubuhi na mto wake wa kukalia, thermosi ya kahawa, na kashata kwenye bakuli lenye kifuniko. Pembeni yake nikamweka mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne, kijana ana vidole vyepesi ajabu. Nikampa masharti mawili. La kwanza, andika anachosema Shangazi. La pili, tagi isizidi maneno matatu, kwa kuwa ndefu hakuna mtu atakayeikumbuka wakati wa kutafuta. Kisha nikatoka, nilikuwa na wateja wa pasipoti saizi.

Kupitia pazia nilikuwa nawasikia.

"Huyu nani, bibi?"

"Huyu? Si yule wa barabara ya tisa. Masufuria yangu matatu mpaka leo hajarudisha."

Tik-tik-tik.

"Na huyu?"

"Eti huyu! Hilo gauni la kuazima hilo. Mtazame alivyojishika kiuno."

Tik-tik-tik.

Nilidhani wanapiga soga katikati ya kazi. Kumbe soga ndiyo kazi.

Ile programu ya kupangia picha, kama zilivyo nyingi siku hizi, ina kipengele cha kutambua sura. Ukishamwambia huyu ni fulani, inakutafutia wote wanaofanana naye na kukuuliza: nao niwape tagi hiyo hiyo? Mpwa alikuwa anajibu ndiyo kabla swali halijaisha. Chini huko kwenye mipangilio kulikuwa na kisanduku kingine kimeshatiwa tiki na watengenezaji wenyewe: andika tagi ndani ya faili. Maana yake tagi haibaki kwenye kompyuta yangu tu. Inaingia kwenye picha yenyewe na kusafiri nayo. Utaratibu huo umetokana na IPTC, baraza la mambo ya habari lililoanzishwa mwaka 1965, na lengo ni jema kabisa: picha ikitoka kwa mpiga picha mpaka gazetini, ifike na maelezo yake. Waliouweka hawakuwa wakimjua Shangazi yangu.

Kwa muda mrefu hakuna aliyegundua kitu. Jamaa walikuwa wakiniomba picha nawatumia kwa WhatsApp, na WhatsApp ukituma picha kwa njia ya kawaida inazipunguza na kuzivua hayo maneno yote. Zikawa zinafika safi, watu wanarudisha vidole gumba na maua. Nikaamini ukoo una amani.

Ikaja harusi ya binamu yangu. Turubai likafungwa kati ya nyumba mbili hukohuko Ngamiani, wanaume upande huu, akina mama upande ule, biriani inanukia mpaka barabara ya pili. Bi harusi alikuwa ameomba zionyeshwe picha za ukoo tangu enzi za mababu. Binamu mwingine akaja kutoka Dar na projekta na laptopu yake, nami nikampa flashi. Faili zenyewe, ukubwa kamili, hakuna WhatsApp hapo. Ukuta wa jirani umepakwa chokaa nyeupe, ukawa sinema.

Programu ya binamu wa Dar ilikuwa na utaratibu wa kuonyesha, chini ya kila picha, maneno yaliyomo ndani yake. Kwa herufi kubwa, nyeupe, zenye kivuli.

Picha ya kwanza, bi harusi ana miezi kadhaa, amepakatwa. Chini: KANIHARIBIA KANGA.

Watu wakacheka. Tatizo ni mshereheshaji. Ametoka Korogwe, hamjui mtu hata mmoja, na kipaza sauti kimo mkononi. Akadhani ndio utani wa wenyeji, akaanza kusoma kwa mbwembwe. "Mnaonaaa! Kaniharibia kanga! Leo kanga analipa bwana harusi!" Vigelegele.

Picha ya pili. "Na huyu mama yetu kipenzi… masufuria matatu hajarudisha!"

Vigelegele vikapungua upande mmoja, vikazidi upande mwingine.

"Huyu naye… gauni la kuazima! Huyu… alimaliza nyama Idd! Oyoo, na huyu hapa kijana mtanashati…" Akasita. Alikuwa bwana harusi mwenyewe, picha ya siku ya kuleta posa. Chini yake: SIMJUI HUYU.

Nilikuwa nimeshasimama. Ila kutoka nilipokaa mpaka kwenye projekta kuna mikeka minne ya wazee, na huwezi kumruka mzee aliyeshika sahani ya biriani. Nikawa napita kwa "samahani mzee, samahani mzee", na picha zinaenda. Kila moja sekunde tano.

Ndipo akatokea Ami. Picha nzuri sana, naikumbuka nilivyoipiga Raskazone jioni, amevaa kanzu na koti, bahari nyuma yake. Chini yake neno moja tu.

MAREHEMU.

Mshereheshaji akabadilika sauti papo hapo. Huyo ni mtu aliyefunzwa adabu na wazazi wake. "Ndugu zangu," akasema polepole, "katika furaha tusiwasahau waliotangulia. Binamu, hebu isimamishe hiyo picha. Naomba wote tumsomee Fatiha mzee wetu huyu."

Binamu wa Dar akaisimamisha. Mikono ikainuka. Na Fatiha ikishaanza nani ataikata? Tuliojua tukabaki tunatazamana huku midomo inakwenda.

Ami alikuwa mkeka wa mbele. Miwani ameiacha nyumbani, yeye huiona inamzeesha kwenye harusi. Akaweka pembeni mfupa aliokuwa akiushughulikia, akafuta vidole kwa leso, akainua mikono akasoma kuliko wote, kwa ile sauti yake ya kuvuta herufi inayojulikana msikitini. Akamaliza. Akajipangusa uso. "Aamin. Allah amsamehe." Kisha akamgeukia mjukuu wake: "Nani katutoka?"

Mtoto akatazama ukutani, akamtazama babu yake, akarudi ukutani.

"Babu, ni wewe."

Vitabu vya historia vinasema Novemba 1914 majeshi ya Waingereza yaliyotua hapa Tanga yalikutana na Wajerumani na nyuki pia. Usiku ule nyuki walitokea upande wa akina mama. Mwenye masufuria anamtafuta Shangazi, mwenye gauni anamtafuta aliyempiga picha, yaani mimi, na mama wa bwana harusi ameshikilia mkoba anauliza kwa utulivu wa kutisha, huyo asiyemjua mwanawe ni nani hasa?

Shangazi hakukimbia. Aliketi palepale kwenye mto wake.

"Mie sikusema marehemu," akasema. "Nilisema, huyo kwangu mie marehemu. Tangu alipokula pesa ya minazi ya Pangani."

Macho yote yakamgeukia mpwa.

"Yalizidi maneno matatu," akasema mpwa. "Nikafupisha."

Na ile programu ikampokea kwa mikono miwili. Kwa kuwa sura ya Ami inaijua, ilimfisha kila mahali: Ami kijana kwenye baiskeli, marehemu, Ami siku ya harusi yake, marehemu, Ami anakula embe Amboni, marehemu, na embe mkononi.

Ami mwenyewe alipoelewa, alikaa kimya kidogo. Tukasema basi, leo harusi itageuka kesi. Akajikohoza.

"Vizuri. Mmeshanisomea. Sasa kabla ya mirathi hulipwa nini?"

Mzee mmoja akajibu, "Madeni."

"Ahsante. Marehemu nadaiwa saruji kwa mwenye duka la kona pale. Nadaiwa na fundi wa paa. Na kuna kijana wa bodaboda, huyo ni deni la zamani." Akamnyooshea kidole Shangazi. "Dada, weye ndo mkubwa wangu. Kesho asubuhi pita ulipe." Akaurudia mfupa wake.

Nilishinda siku zilizofuata nasafisha. Na hapa niwaonye wenye picha nyingi: kulifuta neno kwenye programu si kulifuta kwenye faili. Lazima uiamuru iandike upya, la sivyo ukituma picha maneno yanaondoka nayo vilevile. Na nakala zilizokwisha kutoka ndiyo basi tena, kwa sababu binamu wa Dar alikwisha kurudi na za kwake.

Ila sikuzifuta zote. Nilipotaka kuweka tagi zangu za heshima, kama Harusi, Familia, Tanga, nikitafuta zinakuja picha elfu tisa. Nikiandika "kanga" naletewa ile niitakayo, mara moja. "Nyama" naletewa mtu mmoja tu ulimwenguni. Shangazi kwa wivu wake wote ana kipaji ambacho mimi mwenye cheti sina. Basi nikaziweka zote chini ya tagi kuu moja iitwayo Shangazi, nikaiwekea alama kwamba isitoke nje wakati wa kutoa picha. Nje yanatoka majina ya watu na mahali, basi. Ami nikamfufua kwa mkono, picha moja baada ya moja, maana ile programu ilikuwa bado inaniuliza: huyu pia ni marehemu?

Juzi mlango wa studio ukabishwa. Ni yule mama wa barabara ya tisa, na sufuria moja kichwani. Nikainuka kumpokea, nikaanza kumwomba radhi kwa yaliyotokea, kwamba ni mambo ya kompyuta, kwamba picha zake zote nimeshazisafisha na nitampa bure kabisa, hazina neno hata moja.

Akaitua sufuria mezani. Akafungua pindo la kanga, mlikuwa na flashi mpya, bado imo kwenye karatasi yake.

"Zilizosafishwa za nini?" akasema. "Mie yangu nshayasoma ukutani. Nataka ya wenzangu."