Desa bila "kwa nini" ni mzigo tu

Jamani msimu wa mtihani wa leseni ya udaktari ukikaribia, simu za maintani na wa mwaka wa mwisho hapa Tanga zinajaa madesa, yaani mapidiefu ya "pointi za uhakika", mengi yametokea kwa watu wanaojiandaa na USMLE, mtihani kama huo wa Marekani, na watu wanayameza hivohivo ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Mi sina ugomvi na pointi fupi, zinasaidia sana, pepa lina muda wake na kichwa kina nafasi yake. Ninachopinga ni kumeza pointi bila sababu yake, tena bila kujiuliza ni nani atakuja kulala kwenye wodi yako pale hospitali ya Bombo.

Chukua madhara ya dawa za TB. Desa linasema isoniazidi ganzi miguuni, rifampisini mkojo rangi ya chungwa, ethambutoli macho, basi. Ila ukishajua isoniazidi inavuruga vitamini B6 mwilini, hapohapo unaelewa kwa nini mgonjwa anapewa piridoksini na kwa nini mjamzito, mnywaji wa pombe, mwenye kisukari au VVU yuko hatarini zaidi, hata swali waligeuze vipi unalo.

Kwenye kifafa cha mimba ndo nakuwa mkali kabisa. Magnesiamu salfeti kila mtu anaijua, gramu 4 kwenye mshipa taratibu, gramu 10 kwenye misuli yaani 5 kila tako, alafu 5 kila baada ya saa 4. Sawa, sasa kabla ya dozi inayofuata unagonga goti la nini? Dawa inatolewa na figo, mkojo ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa inalundikana, rifleksi ya goti inapotea kwanza, pumzi inafuata, ndo maana ukikuta goti kimya au pumzi chini ya 16 kwa dakika husogezi sindano, na kalsiamu glukoneti gramu 1, ya kuzima sumu yake, iwe karibu. Kama huwezi kumweleza mama aliyetoka Pongwe kwa Kiswahili kwa nini unamgonga goti, mi naona bado hujaisoma hiyo pointi, umeiona tu.

Alafu kuna hili la kipi kipewe uzito. Mtu anakutajia kupe wa Lyme, ugonjwa wa huko Marekani, bila kufikiri, muulize kwa nini damu ya kupima matende na mabusha inachukuliwa usiku, anaduwaa, na huu ni ugonjwa wa pwani yetu! Vimelea wachanga wa Wuchereria bancrofti, mnyoo anayeleta ugonjwa huo, wanajitokeza kwenye damu kuanzia kama saa nne usiku mpaka saa nane, muda ambao mbu wanauma. Kichocho nacho kwenye desa la Marekani ni mstari mmoja, yai lenye mwiba mwishoni na saratani ya kibofu, kwetu ni mtoto anayekojoa damu, konokono wa Bulinus kwenye maji anayooga, na dawa yake prazikwanteli miligramu 40 kwa kilo. Kama unafanya USMLE kweli, Lyme isome, hata hivo Step 1, hatua yake ya kwanza, toka Januari 2022 ni kufaulu au kufeli tu, haitoi alama.

Someni wawili wawili, mmoja anauliza "kwa nini" mpaka mwenzake anakwama, alafu pale alipokwama ndo mnafungua kitabu.

Na nyie mnaotengeneza madesa, nawaomba kwa dhati, yale ya zamani yenye artesunate, sindano ya malaria kali, miligramu 2.4 kwa kilo kwa kila mgonjwa yaondoeni, toka 2015 WHO inataka mtoto wa chini ya kilo 20 apewe 3, na pembeni andikeni sababu, kwamba kwa 2.4 dawa inayofika kwenye damu ya mtoto mdogo inakuwa pungufu kuliko ya mtu mzima.