Ami, Soma Mpaka Mwisho

Jumamosi iliyopita baada ya isha tulikaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba ya marehemu babu, kuzungumzia paa. Linavuja, boriti mbili zimeliwa na mchwa, na fundi ameshataja bei yake. Ami mkubwa akagawa mchango kwa majina, na jina la shangazi lilikuwamo. Shangazi akaweka kikombe cha kahawa chini, akauliza polepole: "Kaka, ikiwa paa nachangia, mbona kodi ya maduka ya chini sijaionja tangu baba afe?"

Babu alifariki miaka 9 iliyopita, nyanya akiwa ametangulia. Aliacha wana watatu wa kiume na binti mmoja, ndiye huyu shangazi, mjane sasa.

Ami hakukasirika. Alisoma aya, na sauti anayo, tangu chuo cha Qurani alisifiwa kwayo: "Lidh-dhakari mithlu hadhil-unthayayn." Akatufasiria kwamba mwanamume hupata mfano wa fungu la wanawake wawili, kisha akafunga maneno: "Mungu keshasema. Mwanamume ndiye mbeba nyumba. Wewe uliolewa, na kila Idi hatukusahau." Sebule nzima kimya. Nani atabishana na Qurani mbele ya jamaa? Nami nilinyamaza, na huko kunyamaza kwangu kumeninyima usingizi siku zote hizi.

Aya ile ni ya 11 katika Suratun-Nisaa, na aliyoyasoma ami ni maneno machache ya mwanzo wake. Sote tuliokuwa pale tulilelewa kwa fimbo ya maalim kuhusu mahali pa kusimama unaposoma. Ukisoma "Fawailun lil-musallin" ukakaa hapo, umesema ole wao wanaosali, na msikitini hakuendi mtu tena. Lazima uunge: wale wanaoghafilika na sala zao. Kila mtoto wa chuo mji huu anaujua mfano huo. Sasa nikubali jambo moja: pale aliposimama ami, kwa tajwidi, kanuni za kusoma Qurani, ruhusa ya kusimama ipo. Lakini ruhusa hiyo ni ya pumzi. Hukumu inaendelea: mafungu ya wazazi, mambo ya wasia na deni, mpaka mwisho wa aya Mwenyezi Mungu anaposema kwamba hii ni faradhi itokayo kwake. Faradhi, neno lile lile tunalolitumia kwa sala tano. Ami anasali sala tano, wallahi simjui kuikosa alfajiri msikitini.

Basi tuihesabu hiyo faradhi, kwa sababu aya zenyewe zinatutaka tuhesabu. Wana watatu, kila mmoja mafungu 2, binti fungu 1, jumla mafungu 7. Maduka mawili ya chini yanaleta shilingi 42,000 kwa mwezi. Fungu la shangazi ni 6,000. Kwa miezi 108 ni shilingi 648,000. Hapo sijagusa ghorofa ya juu anayokaa ami mdogo bila kulipa. Kwa hiyo aya aliyosomewa shangazi ili anyamaze ndiyo hiyo hiyo inayomdai ami zaidi ya nusu milioni. Mkono wa Idi ni ihsani, na ihsani hailipi deni la faradhi.

Lakini si hesabu iliyonitoa machozi. Usiku ule nilipofika nyumbani nilifungua tafsiri kutafuta sababu ya kushuka aya hii. Jabir bin Abdillahi amesimulia, nayo imo katika vitabu vya hadithi vya Tirmidhi na Abu Daud, kwamba mke wa Saad bin Rabii alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) na binti zake wawili. Akasema: hawa ni mabinti wa Saad, baba yao ameuawa shahidi siku ya vita vya Uhud akiwa pamoja nawe, na ami yao amechukua mali yote, hakuwaachia kitu, na bila mali hawataolewa. Mtume akamwambia Mwenyezi Mungu atahukumu katika hilo. Ikashuka aya ya mirathi. Mtume akamwita yule ami, akamwamrisha awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, yaani moja ya nane, kitakachobaki ndicho chake. Ukiigawa mali ile mafungu 24, mabinti 16, mjane 3, ami 5. Yeye aliyekuwa ameshika zote 24.

Nimesoma mara tatu nikiwa nimekaa kitako sakafuni. Aya ilishuka kwa sababu ya ami aliyekula mali ya mabinti wa nduguye, na sisi tumeigeuza ikawa kauli ya kumnyamazisha binti. Zamani zile kabla ya Uislamu, mirathi walichukua wanaume wenye kubeba silaha. Mwanamke na mtoto mdogo hawakuhesabiwa. Qurani ikaja ikawaingiza mlangoni. Ukiisoma bila kujua nani alikuwa nje na nani alikuwa ndani, utadhani imekuja kupunguza, na kumbe imekuja kutoa.

Wako wanaosema aya hii isomwe upya ili mafungu yawe sawa kwa sawa. Mjadala huo una wenyewe. Sisi hata hilo fungu moja hatujalitoa.

Najua nitaambiwa: wewe nani, unafasiri Qurani kwa kufungua kitabu usiku? Ni neno la haki na sitalikataa. Tafsiri ina elimu zake: lugha, sababu za kushuka, kipi kimefuta na kipi kimefutwa, na hadithi ipi imesihi. Mimi sina ijaza, ile idhini ya kufundisha atoayo mwanachuoni, ya yeyote. Lakini mbona sharti hilo halikumhusu ami? Yeye naye hana ijaza. Alikuwa na sauti na umri, na aya moja aliyoihifadhi. Ukimtaka shangazi aende kwa mwanachuoni kabla ya kusema, na ami naye aende kwanza. Kwa Kadhi pia njia iko wazi, Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka mirathi ya Waislamu mikononi mwake, ilimradi wahusika wote wakubali kusimama mbele yake. Shangazi hataki kufika huko. Anaogopa kuitwa mvunja undugu, kana kwamba undugu haukuvunjwa na aliyekula.

Na mji huu hatuwezi kusema hatukufundishwa. Shekhe Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, kwa Kiswahili na Kiarabu, na akashika kalamu kuifasiri Qurani kwa lugha ya nyumbani. Shekhe Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, tarjuma yake kamili ilitoka 1969. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zinayo. Ya babu iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kijani. Ramadhani darsa za tafsiri zinajaa, wanaume mbele, na wanawake nyuma ya pazia ambako kipaza sauti mara nyingi hakisikiki vizuri. Hili la kipaza sauti litengenezwe, tafadhalini, si kazi ya fundi wa mbali.

Jumanne nilikwenda kwa shangazi. Yeye huhitimisha msahafu kila Ramadhani tangu ujana wake, Yasini anaisoma huku akikanda mahamri. Nikamfungulia tarjuma, tukaanza aya ya 7: wanaume wana sehemu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa, na wanawake wana sehemu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa, yawe kidogo au mengi, sehemu iliyofaradhishwa. Akanishika mkono. "Yawe kidogo au mengi? Imo hiyo?" Akaisoma kwa Kiarabu, kwa moyo, bila kukosea hata irabu. Kisha akaniambia, "Nisomee tena ya Kiswahili, mwanangu, polepole." Nikasoma. Akauliza zaka ya zile fedha, kama zingekuwa zake, ilikuwa juu ya nani miaka yote hii. Sikuwa na jibu, nikamwambia tutauliza.

Kikao kingine ni Jumamosi hii baada ya isha, kwa ajili ya lile lile paa. Kitabu cha babu nimeshakiteremsha kabatini na kukipangusa vumbi. Nitamwomba ami, kwa heshima yote na kwa hiyo sauti yake nzuri, atusomee yeye mwenyewe, kuanzia aya ya 7 mpaka ya 14.