Akina mama wenzangu wa makamo, hiyo ngozi mnaisugua mnatafuta nini?

Nianze na shingo, maana mengine yote tunaweza kubishana ila hili la shingo sina mchezo nalo. Mwanamke akishafika arobaini na kitu anaanza kuona shingo kwa nyuma inabadilika, sio weusi wa kawaida, ni weusi mzito umejaa jaa, ukipitisha kidole unahisi kama kitambaa cha mahameli, na mara nyingi kwapani ni hivyo hivyo. Hapo ndo vita inaanza. Dodoki, limau, baking pauda, dawa ya meno, wengine wamefika mpaka kwenye jiwe la kusugulia visigino. Na mashoga nao hawakosi la kusema, ooh ni cheni za bandia hizo, ooh ni jasho.

Dada yangu, ungekuwa uchafu ungetoka siku ya kwanza. Shingo ya namna hiyo mara nyingi inaonyesha kwamba mwili unashindwa kuitumia vizuri insulini, ile homoni inayoshughulikia sukari mwilini, sasa insulini inajaa kwenye damu na inazichochea seli za ngozi ziote haraka kuliko kawaida, ndo unaona ngozi inanenepa na kuwa nyeusi kwenye mikunjo. Vile vinyama vidogo vinavyoning'inia shingoni, ambavyo watu wanavifunga uzi mpaka vikauke, navyo mara nyingi vinaongozana na hali hiyo hiyo. Yaani shingo inakwambia mama nenda kapime sukari, na wewe unaisugua inyamaze. Kipimo chenyewe ni tone moja la damu kidoleni, nenda hospitali ya Maweni kwa sisi wa Kigoma, au kituo cha afya kilicho karibu na wewe, majibu unapewa hapo hapo. Limau halishushi sukari.

Na huu mtindo wa kusugua ndo kosa letu kubwa, kwa maoni yangu mimi, kuliko hata hilo la kutokupaka vitu vya gharama ambalo vijana wa mitandaoni wanatusimanga nalo. Ngozi ya umri wetu inapungukiwa, na sisi kila tunachofanya ni kuipunguzia tena. Wanawake wengi hedhi inakoma kati ya miaka 45 na 55, na kabla haijakoma homoni ya estrojeni inakuwa imeshaanza kuyumba na kushuka. Estrojeni hiyo hiyo ndo ilikuwa inaishikilia ngozi iwe na unyevu, mafuta na ile kolajeni inayoifanya ikazike, inakadiriwa ndani ya miaka 5 ya mwanzo baada ya hedhi kukoma mwanamke anaweza kupoteza kama asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi. Kwa hiyo ukiona mikono imepauka hata kama umejipaka asubuhi, ngozi inawasha usiku bila kipele, sabuni uliyoitumia miaka yote leo inakukwaruza, hujarogwa na wala sabuni haijachakachuliwa, wewe ndo umebadilika.

Sasa mtu ngozi imeshakauka hivyo, anaoga maji ya moto yanayotoa mvuke, kwa sabuni ya mche, na dodoki gumu, asubuhi na jioni! Sabuni ya mche kazi yake ni kung'oa mafuta kwenye nguo na sufuria, inafanya vizuri sana na naiheshimu, ila ngozi ya binadamu ina utindikali kidogo, kwenye kipimo cha pH, ambacho namba ikiwa ndogo ndo tindikali imezidi, iko kwenye 5 hivi, na sabuni ya namna ile iko kwenye 9 au 10. Ukishamaliza kuoga ngozi inavuta, na kuna watu wanaupenda huo mvuto wanasema ndo wametakata. Hapana. Oga maji ya uvuguvugu, tumia sabuni laini, hiyo kali iache kwenye nguo, na kwenye miguu na mikono wala hauhitaji sabuni kila ukioga, kwapa na sehemu zenye jasho zinatosha. Dodoki mpe mtoto aliyetoka kucheza mpira.

Na mafuta yapakwe ngozi ikiwa bado mbichi mbichi, sio mpaka umekauka, umevaa, umechemsha chai, ndo unakumbuka. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, yanayafungia yaliyopo, kama hakuna maji unafungia nini? Sisi watu wa Kigoma tuna bahati mbaya ya kudharau vya kwetu, mise tunaona ni mafuta ya kupaka watoto wachanga na bibi zao, af tunahangaika na losheni ya bei mbaya yenye harufu ya maua. Mise inatoka kwenye kokwa ya mchikichi ule ule unaotupa mawese, na kwa miguu na mikono iliyopauka inashika vizuri tu, harufu yake ya moshi ndo mtihani lakini usiku nani anakunusa. Usoni kuwa makini, kama una chunusi mafuta mazito yataziba zaidi, tafuta krimu nyepesi, au gliserini ya dukani iliyochanganywa na maji. Na mawese yenyewe usipake usoni, nimeona watu wanashauriana hivyo, utaharibu foronya zote za ndani na asubuhi uso utakuwa wa chungwa.

Haya, jua. Hapa najua wengi mtaniambia ngozi nyeusi haiungui. Kigoma tuko kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, jua letu ni kali mwaka mzima, hata siku za mawingu. Nenda Kibirizi mwaloni saa sita mchana uwaangalie akina mama wanaoanika dagaa, wameinama, jua linapiga kwa juu, mchanga unarudisha, maji yanarudisha, halafu mwangalie mmoja usoni akinyanyuka kukusalimia. Mashavu yana mabaka ya kahawia yaliyokaa pande zote mbili sawa sawa, na paji la uso hivyo hivyo, isipokuwa pale juu kitambaa kilipofika, pale pamebaki rangi yake kabisa. Sijui unataka ushahidi gani zaidi ya huo mstari wa kitambaa.

Yale mabaka yanaletwa na homoni na jua kwa pamoja, ndo maana wengine waliyapata kwenye ujauzito, wengine kwenye vidonge vya uzazi wa mpango, na yakishakaa hayatoki kwa kusugua, ukisugua unaikera ngozi na ngozi nyeusi ikikereka inajibu kwa weusi zaidi. Na yule aliyekwambia upake limau halafu ukae juani hakupendi, maji ya limau na ndimu yakikutana na jua kwenye ngozi yanaunguza kweli kweli, unaota malengelenge na ukipona panabaki pameungua wiki nyingi.

Kofia pana, kanga kichwani ikishuka mpaka kwenye paji, mwavuli, hivyo ndo vya kwanza na havina gharama. Mafuta ya kukinga jua ni ya pili, chagua yaliyoandikwa SPF 30 au zaidi, hiyo 30 inazuia kama asilimia 97 ya ile miale inayounguza. Kwa sisi wenye mabaka bora yale yenye rangi ya ngozi ndani yake, kwa sababu hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho unaongeza weusi, na hizo rangi zina madini ya chuma yanayouzuia, halafu hayakuachi na uso wa majivu kama yale meupe. Na msiniambie ni mambo ya Wazungu, kuna yaliyoanza kutengenezwa pale hospitali ya KCMC Moshi, Kilisun, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino.

Sasa tuje kwenye lenyewe.

Soko la Mwanga hapa Kigoma kuna meza nilisimama nasubiri chenji ya jirani yake, nikaona mkorogo unavyopikwa. Binti ana bakuli la plastiki, anaminya tyubu moja nyeupe ndogo, anaminya ya pili, anamwaga losheni ya kopo lenye maandishi ya Kifaransa, anadondosha kitu cha majimaji kutoka kwenye kichupa kisicho na karatasi, anakoroga na mpini wa mswaki, anamimina kwenye kopo tupu la siagi ya karanga. Mteja ni mama mtu mzima wa rika langu. Anauliza, "Mwanangu, na vidole je?" Binti hata hajanyanyua uso, "Vidole vina ya kwake mama, hiyo nakupa kesho." Mama akaitikia akalipa.

Vina ya kwake! Hata muuzaji anajua vidole havitafuata. Ndo yale mambo ya uso Fanta miguu Coca-Cola, tumeyacheka miaka na miaka ila tukifika umri huu hatucheki tena, mabaka yametokea, mume kasema neno, au hajasema kitu ila ameacha kuangalia, na binti mwenye bakuli yuko pale.

Zile tyubu ndogo mara nyingi ni steroidi, klobetasoli au betamethasoni, dawa halali kabisa za hospitali za kutibu ngozi kwa muda mfupi kwa maelekezo ya daktari. Ukizipaka uso mzima miezi na miezi ngozi inakuwa nyembamba mpaka vishipa vinaonekana, inatoa chunusi, inachanika michirizi, inachubuka kwa kitu kidogo. Ukichanganya na huku kolajeni inaondoka yenyewe kwa umri unakuwa umeharakisha uzee kwa hela yako. Na umri wetu huu ndo wa kwenda tumbo kupasuliwa, vivimbe vya kizazi na mengineyo, waulize manesi wa wodi za upasuaji jinsi ngozi iliyozoea mkorogo inavyosumbua kushonwa na inavyochelewa kufunga. Haidrokwinoni, ile kemikali ya kung'arisha ngozi, nayo ikitumika muda mrefu inaweza kukugeuka, badala ya weupe unapata weusi wa kibluu kwenye mashavu na kwenye vifundo vya vidole, na huo hata wataalamu wanahangaika nao kuutoa.

Halafu kuna zebaki, ndo ndugu ya ile wachimbaji wadogo wanayokamatia dhahabu. Inapenya kwenye ngozi inaenda kuumiza figo, na haiishii kwako, inabaki kwenye taulo, kwenye shuka, kwenye mikono yako unayomshikia mjukuu. Bibi anajichubua, mtoto wa mwaka mmoja analamba. Hapa nchini vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku, zamani ilikuwa kazi ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, lakini kopo la siagi ya karanga TBS watalisoma wapi? Halina jina, halina viungo, halina tarehe. Kitu ambacho hujui kina nini usikiweke usoni, na kama lebo ina neno moja kati ya hayo niliyotaja lirudishe mezani.

Ila kwa aliyekwisha kutumia muda mrefu, tafadhali usiamke kesho ukaacha ghafla kwa sababu umenisoma mimi. Steroidi ukiikatisha kwa mpigo uso unaweza kuwaka moto, ukawa mwekundu ukajaa vipele, na wengi hapo ndo wanarudi mbio kwa binti wa bakuli wakidhani ndo dawa. Nenda hospitali, mwambie daktari ukweli, peleka na kopo lenyewe, atakupunguzia taratibu. Aibu ya dakika tano utaimudu.

Mengine nayapitia haraka haraka. Ndevu za kidevuni, ndio zipo, tatu nne hivi, zinakuja kwa sababu estrojeni imeshuka na homoni nyingine imebaki na nguvu, hazimaanishi wewe sio mwanamke. Ukizing'oa kila siku na kibano zinazama ndani na kuacha vidoti vyeusi, kata na kamkasi kadogo yaishe. Zikija nyingi kwa ghafla na sauti ikawa nzito, hiyo ni ya daktari. Nyusi, acheni kuzinyoa zote kwa wembe mkachora upya kwa wanja, kwa umri wetu hazioti tena kama zamani. Poda na faundesheni kwenye sherehe za watoto wetu, mwambie anayekupamba apime rangi shingoni na sio kiganjani, na apake kidogo, poda nyingi inaingia kwenye mikunjo inakaa humo. Kusuka, kama unalala na panado ujue zimebana, na nywele za pembeni zikishaondoka kwa kuvutwa miaka mingi hazirudi.

Na piko. Mvi zikianza tu tunakimbilia piko, ile nyeusi ya unga, na ndani yake kuna kemikali inaitwa PPD ambayo watu wengine mwili unaikataa vibaya, macho yanafunga, kichwa kinavimba, kinatoa maji. Unaweza kuitumia miaka mingi salama halafu siku moja mwili ukasema basi. Kama ni lazima, paka tone kwenye mkunjo wa kiwiko usubiri siku mbili kabla ya kuweka kichwani. Na kama ulishawahi kuvimba kwa piko ya maua ya mkononi kwenye harusi, kichwani usithubutu kabisa, ziache mvi zako au tumia hina ya majani ya kawaida, inatoa ule wekundu wa shaba kwenye mvi na inapendeza mno, wazee wa Ujiji wanaipaka mpaka kwenye ndevu na sijasikia mtu akiwacheka.