Kabla ya Kulipia Chumba, Tazama Mwezi

Wiki iliyopita grupu la familia yetu lilichafuka kwa sababu ya bahari. Shemeji yangu alikuwa amempeleka mkewe Unguja, upande wa mashariki, hoteli ya heshima kabisa. Asubuhi ya kwanza, mnamo saa nne, akaturushia video: mchanga, mchanga, majani, mchanga tena, halafu mbali huko kamstari ka buluu. Sauti yake inasikika, "Jamani, hela yote hii nimelipa, kumbe hoteli haina bahari!" Kufumba na kufumbua mjomba anamshauri adai pesa yake, binamu anamjua wakili, shangazi anauliza kama ni tsunami.

Nilicheka. Kisha hasira zikanipanda.

Mgeni aliyeteremka jana kutoka Ulaya nitamwelewa, kwao pengine bahari imetulia. Lakini hawa ni watu wa Dar es Salaam! Wamekulia Temeke, wanakula samaki wa Feri, wanavuka Kigamboni kwa pantoni, na daraja la Selander wamelipita mara zisizohesabika, chini yake maji yamejaa leo, kesho matope matupu. Wakikaa kupanga likizo, yote hayo yanafutika kichwani. Wamelinganisha bei za hoteli kumi. Wamekagua bwawa, wamekagua mito ya kitandani, wameuliza kama chai ya asubuhi ina matunda na kama mtoto wa miaka sita analipiwa. Bahari yenyewe, ambayo ndiyo wanayoifuata, hakuna aliyeuliza itakuwa wapi na saa ngapi.

Paje, Jambiani, Bwejuu, Matemwe, pwani yote ile iko tambarare hadi kwenye mwamba mawimbi yanapovunjikia. Kipindi cha bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa Unguja inafika karibu mita nne. Juu ya ardhi tambarare namna ile, hizo mita nne za kina zinaondoa bahari mbele yako kwa kilomita nzima, pengine na zaidi. Nungwi na Kendwa, kaskazini, kina kinaanza karibu, kwa hiyo unaoga saa unayotaka. Hiyo siyo siri ya wavuvi. Mwendesha teksi yeyote pale Malindi, karibu na bandari ya Unguja, atakwambia bila kumlipa.

Sasa njoo kwenye saa, maana hapa ndipo watu wanapopotelea. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yanajaa kwenye saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na yanakupwa kwenye saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Saa nne asubuhi! Yaani umeamka, umekunywa chai, umejipaka mafuta ya jua, umebeba taulo, na ndipo maji yanapokuwa yamefika mbali kuliko wakati wote. Mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji kwa kishindo, na yanajaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Katikati ya hizo nyakati mbili, kila siku ongeza kama dakika hamsini. Basi. Huhitaji shahada wala programu ya simu, ingawa za simu zipo na za bure.

Na kinachonichekesha zaidi ni kwamba sikukuu zetu zenyewe zinafuata mwezi. Idi Ndogo ni mosi Shawwal, mwezi umeandama jana yake, kwa hiyo kila mwaka, bila kukosa, Idi Ndogo inaangukia bamvua na maji yanakupwa saa nne au saa tano asubuhi. Kila mwaka! Na kila mwaka mabasi yanajaa watu kwenda Paje siku ya Idi pili, wanafika asubuhi, wanapiga picha na mchanga. Idi Kubwa ni siku ya kumi tangu mwezi uandame, bamvua limepita na jingine halijafika, maji yanajaa kwenye adhuhuri. Kama una ruhusa moja tu ya kazi na unataka watoto waoge mashariki mchana, jibu si limeshapatikana? Pasaka nayo huhesabiwa kwa mwezi mpevu: ya 2026 ilikuwa tarehe 5 Aprili, mwezi ulijaa tarehe 2, bamvua tupu. Ya 2025 ilikuja wiki nzima baada ya mwezi mpevu, maji mafu. Krismasi ndiyo haina adabu, lazima uitazamie kila mwaka. Mwaka 2023 mwezi ulijaa tarehe 27 Desemba, mwaka 2025 tarehe hiyohiyo ulikuwa nusu. Hoteli ileile, wiki ileile, bei ileile, bahari mbili tofauti.

Nisikilize, sisemi mashariki ni kubaya. Mimi mwenyewe napapenda kuliko Nungwi, ambako jioni unamkanyaga mtu kabla hujaukanyaga mchanga. Mnaosema maji yakipwa hakuna la kufanya ndio mnaonimaliza.

Irudieni ile video ya shemeji. Nyuma kabisa, pale alipokuwa anapakuza ili tuone "hakuna kitu", kuna akina mama wameinama. Wako kazini. Kile anachokiona yeye kama bahari iliyotoroka ni mashamba: vigingi vimechomekwa kwa mistari, kamba zimefungwa kati yake, mwani umening'inizwa kwenye kamba. Kilimo hicho kilianza Unguja kibiashara mwishoni mwa miaka ya themanini, na hadi leo kinabebwa na wanawake. Kazi yao inategemea bamvua hilohilo linalomtia shemeji wazimu, kwa sababu siku za maji mafu mashamba hayaachwi wazi vizuri. Maji yakianza kurudi wanafunga magunia haraka, mwani mbichi una uzito wa ajabu, na wanatembea nao hadi pwani huku maji yanapanda miguuni. Pembeni yao wapo wanaochokoa pweza na wanaookota chaza. Niliwahi kumsikia mgeni mmoja, Mtanzania mwenzetu mwenye miwani mikubwa, akimuuliza mhudumu kama vile vijiti haviwezi kuondolewa, vinaharibu mandhari. Mhudumu akatabasamu kama alivyofundishwa. Mama yake, aliniambia baadaye, ana kamba zake palepale.

Kwa hiyo vaa viatu vya plastiki, wale wadudu weusi wenye miiba hawana utani, mtafute kijana wa kijijini akutembeze hadi mwambani, mlipe vizuri, rudi kabla maji hayajawafuata. Usikanyage kamba za watu.

Haya, bwawa la hoteli lina kazi yake. Nimekubali. Siku ya bamvua saa nne asubuhi, mwenye bwawa kamzidi asiye nalo. Msiniulize tena.

Mengine nitayapitia haraka. Bei: Mtanzania mwulize mwenye hoteli bei ya mkazi kabla hujalipa, na uwe na kitambulisho cha NIDA mkononi. Aprili na Mei ni nafuu kwa sababu ni masika, na mvua ya masika haijali umelipa kiasi gani. Ramadhani usile ukizunguka kijijini. Bikini iishie ufukweni, dukani vaa kanga, nalo hili tunakumbushana mpaka lini? Na asiye na nauli ya boti, Pangani ipo, na kisiwa cha Maziwe kipo mbele yake.

Lakini kuhusu upepo wa kusi sitafanya mzaha. Juni, Julai, Agosti upepo unapanda, na ukiambiwa boti haiondoki, usimgombeze karani wa tiketi eti chumba umeshalipia. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilitoka Dar es Salaam mchana kweupe na kuzama karibu na kisiwa cha Chumbe. Watu wengi hawakufika. Chumba utapewa siku nyingine.

Nirudi kwa wenye hoteli, maana shemeji nimemsema, na wao wasijifiche nyuma yake. Picha zenu zote zimepigwa saa kumi jioni ya bamvua. Zote! Maji yamegusa ngazi, mnazi umeinama, hakuna hata kijiti kimoja cha mwani. Mnajua mnachofanya. Jedwali la maji mnalo, limebandikwa pale mapokezi pembeni ya bei za kuzamia, mgeni analiona akiwa ameshalipa. Liwekeni kwenye ukurasa wa kuchagua tarehe, palepale penye bei. Kama mnaogopa mtapoteza wateja, wekeni na picha ya saa nne asubuhi, akina mama wakiwemo, baada ya kuwaomba ruhusa. Shemeji ana video tayari, atawauzia.