Madogo wa Arusha wapewe igizo la Burundi

Shule kadhaa hapa Arusha siku hizi zinapenda igizo la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, dogo mmoja anakuwa Ufaransa mwingine China, wanavaa tai, wanasoma hotuba ndefu za kiingereza, wanapiga kura, makofi, basi. Sina ugomvi nalo ila linafundisha kuongea mbele za watu, diplomasia kidogo sana. Nchi tano zina veto, yaani kura ya kuzuia uamuzi, aliyepewa Marekani akikataa mchezo umeisha, sasa nani atajifunza kubembelezana hapo?

Mi naona wapewe Burundi, yale mazungumzo ya amani ya kumaliza vita ya wenyewe kwa wenyewe. Mazungumzo yenyewe yalifanyika hapahapa mjini, yalianza 1998 chini ya Mwalimu Nyerere, alipofariki 1999 akaja Mandela, mkataba ukasainiwa 28 Agosti 2000. Pande 19! Darasa la watu 40 unagawa wawiliwawili, wawili wanaobaki nina kazi nao. Na mambo ya kuvutana yapo kweli, jeshi liweje, nani aongoze kipindi cha mpito. Kwenye jeshi walikubaliana kabila lolote lisizidi nusu, hiyo usiwaambie mapema, waache watoane jasho.

Kinachonogesha ni kikaratasi cha siri, kila upande na chake: hiki usiachie hata iweje, hiki achia ukipewa kitu. Nilijaribu na kidato cha tatu, mezani walikuwa wanarushiana maneno tu kama mdahalo, ilipofika chai chalii wa upande wa serikali akasogea na andazi lake kwa dada wa upinzani, "we, nusu tunaweza kukubali ila rais wa kwanza atoke kwetu", wakamalizana palepale kwenye bomba la maji. Kwa kiswahili lakini, maana kumbembeleza mtu kwa kiingereza cha kukariri ni mtihani mwingine.

Wale wawili unawaweka nje ya mlango, ndo CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, vikundi vya silaha ambavyo havikusaini. Wenzao wakishapeana mikono na kupiga picha hao wanaingia, "sisi hatujasaini chochote, vita inaendelea". Darasa lilichachamaa! Mmoja akauliza "Sir, sasa muda wote huu tulikuwa tunafanya nini?" Tukalijadili hilo swali mpaka kengele ikapita hatujaisikia, na mwalimu wa jiografia bado ananidai kipindi chake.