Gugu Lililopandishwa Trela

Jumapili jioni, nikiwa kando ya Ziwa Naivasha, niliona boti ya starehe ikivutwa kutoka majini kwa trela, na kwenye ekseli limening'inia gugumaji zima, mizizi na ua lake la zambarau, kama abiria aliyelipa nauli. Nikamwuliza mwenye boti, "Mkubwa, hayo majani mnayapeleka wapi?" Akacheka, akajibu kwamba Jumamosi wataishusha Kisumu, na Kisumu magugu yamejaa tayari.

Kwa hiyo mwenye panya nyumbani apelekewe wengine! Isitoshe, trela haiishii Kisumu. Mwezi ujao iko Baringo, mwezi unaofuata iko bwawa la Masinga. Wala gugumaji si mgeni pekee wa Naivasha. Salvinia, gugu jingine linaloelea, iliyoingia ziwa hili miaka ya 1960, haizai mbegu hata moja. Kila tandiko lake ni kipande kilichokatika kutoka kwa kipande kingine, kikabebwa. Najua kiboko hubeba, na ndege hubeba, lakini sijapata kuona kiboko akipanda barabara kuu kwenda Kisumu na kufika kabla ya chakula cha mchana, majani yakiwa bado mabichi mgongoni.

Nakubali, shingo upande, kwamba Ziwa Victoria halikuharibiwa na wapenda boti: gugumaji liliingia mwishoni mwa miaka ya 1980, likiletwa zaidi na mto Kagera, na mbolea na majitaka yetu ndiyo yanayolinenepesha. Hilo halimwondolei mtu wajibu wa kusafisha chombo chake.

Kazi yenyewe ni ndogo: kunyofoa majani kwenye rafadha, nanga na trela na kuyatupa nchi kavu, kumwaga maji yote ya ngama, yaani yale yanayotuama chini ndani ya boti, kisha kuiacha boti ikauke juani siku 5 kabla ya kuishusha ziwa jingine. Huko Minnesota, Marekani, wanakosumbuliwa na kome wenye milia ambao viluwiluwi vyao havionekani kwa macho, sheria inamtaka mwenye boti atoe kizibo cha kumwagia maji kabla ya kuondoka ufukweni na asikirudishe akiwa barabarani. Hapa tulipokuwa, mtu alikitazama kizibo kama kitovu cha boti, kisichoguswa.

Kijana wa trela, pengine kwa kunionea haya, alilinyofoa lile gugu, akalirusha ziwani lilikotoka. Kisha wakaondoka, ngama ikidondoka matone barabarani.